Dozi ya Mtoto, Mwisho Kumi na Mbili

Ilikuwapo, na kwa bahati mbaya bado ipo, nchi moja ambayo jina lake silitaji, maana kulitaja kunahitaji kibali, na dirisha la vibali lilifungwa siku mwenye ufunguo alipopandishwa cheo akaondoka nao. Msomaji asihangaike kuitafuta kwenye ramani. Ni nchi ya mbali sana na watu wake si kama sisi.

Katika nchi hiyo aliishi bwana mmoja, Msafiri Kisangure, mfasiri wa Serikali. Kazi yake ilikuwa kuyachukua maneno ya wageni na kuyageuza yawe ya wenyeji. Alikuwa mtu mpole, mwoga kidogo, mpenda chai ya tangawizi na sarufi. Mkewe, Zulekha, alikuwa fundi cherehani. Walikuwa na binti mmoja tu, Siwema, waliyempata baada ya kumngoja mpaka majirani wakachoka kuwasengenya. Kila alichokifanya Kisangure duniani, pamoja na kuogopa, alikifanya kwa ajili ya Siwema, au ndivyo alivyojiambia.

Mwaka mmoja nchi ilipata zawadi. Taifa rafiki lilikuwa na mashine kubwa ya kupiga picha za ndani ya mwili, ile ambayo mgonjwa hulazwa kitandani, kitanda kikaingia kwenye tundu la duara. Ilikuwa imezeeka hata wenyewe wakaona aibu kuitupa karibu na nyumba za watu, basi wakaileta kwa urafiki. Waziri wa Afya na Mwangaza wa Ndani, Mheshimiwa Gunda Mafahari, aliipokea bandarini kwa ngoma, akaipa jina la Jicho la Taifa, akaagiza izinduliwe Ijumaa. Siku hiyo ilikuwa Jumatano, na kitabu cha maelekezo kilikuwa kinene kama tofali, chote kwa lugha ya waliotoa zawadi.

Kisangure akakaa kutafsiri. Kitabu kilikuwa na busara nyingi. Kilisema mionzi inayopiga picha hizo ni kitu cha kuheshimiwa. Kilisema mwili wa mtoto bado unajengwa, na una miaka mingi mbele yake ya madhara kujitokeza, kwa hiyo apigwe picha pale tu daktari anapoihitaji kweli, tena mashine ipunguzwe nguvu ilingane na umbo lake. Kisangure aliyatafsiri hayo yote vizuri na hakuna aliyeyasoma, kwa sababu yalikuwa marefu.

Kilichosomwa ni bango la kubandika ukutani. Hapo palikuwa na sentensi moja ya kuweka mpaka: kwa mwaka, mionzi inayomwingia mtoto isivuke kiasi fulani. Kipimo chenyewe hakikuwa na jina la Kiswahili, basi Kisangure akakiruka, akisema atakirudia. Na kwa kuwa bango lilikuwa jembamba, akaandika kwa ufupi, vile inavyoandikwa kwenye lifti kwamba watu mwisho wanane: DOZI YA MTOTO KWA MWAKA, MWISHO KUMI NA MBILI. Kile kipimo hakukirudia tena.

Sasa, watu wa nchi ile walikuwa wamefundwa jambo moja tangu utotoni na kila muuguzi na kila redio: ukipewa dozi, maliza. Ya malaria maliza, ya minyoo maliza, hata kama umepona maliza. Mtu aliyekatiza dozi aliangaliwa kama mtu aliyekatiza swala. Ijumaa ilipofika, Waziri akasimama mbele ya bango, akalisoma kwa sauti, na uso wake ukachangamka. Alielewa papo hapo. Dozi ya mtoto ni picha kumi na mbili, na mwisho wa dozi, kama mwisho wa dozi yoyote, ni kuimaliza.

"Ndugu wananchi," alisema, "huko nje mtoto humulikwa mara moja, tena mpaka augue. Huo ni ubahili. Mtoto wa nchi hii atamulikwa akiwa mzima, na atamaliza dozi. Samaki hukunjwa angali mbichi, na mtoto humulikwa angali mdogo. Sitakubali raia hata mmoja abaki na giza tumboni."

Watu wakapiga makofi. Kisangure, aliyekuwa amekaa mstari wa tatu, alijua papo hapo kwamba neno lake limeeleweka vibaya. Akasema moyoni kwamba hotuba ikiisha atamfuata Waziri na kumweleza taratibu. Hotuba ikaisha, na Waziri ndiye aliyemfuata yeye, akamshika mkono mbele ya kamera, akamtangaza kuwa Mfasiri Mkuu wa Taifa, mwenye nyumba ya Serikali na bomba la maji ndani. Kisangure akaona si adabu kumkosoa mtu aliyekushika mkono. Akaahirisha mpaka wiki ijayo.

*

Wiki ijayo ikawa mwaka. Kampeni ya Maliza Dozi ilienea kama upele. Kanga zikatoka zenye maneno Nuru ya Mwana ni Dozi Kutimia. Shule zikashindana, na iliyomaliza dozi kwanza ilipewa kombe na mbuzi. Mtoto aliyebakiza picha aliitwa mtoro, na mama yake akatajwa kwa jina kwenye mkutano wa mtaa.

Mashine ilikuwa na kitufe chenye mchoro wa mtoto, cha kupunguzia nguvu. Waziri alipokiona alikasirika, akauliza nani kasema watoto wetu wapewe kidogo, wakati Katiba inasema haki sawa kwa wote, tena kwenye ukurasa ambao bado haujachanwa. Kitufe kikafunikwa kwa stika ya Rais akitabasamu. Na kwa kuwa kumbandua Rais ni kosa la jinai, kitufe kikapumzika moja kwa moja. Kuanzia hapo mtoto mchanga na baunsa wa miraba minne walimulikwa kwa nguvu ile ile, na nchi ikapewa cheti cha usawa.

Palikuwa na daktari mmoja wa watoto, Dakta Bishanga, mama asiyejua kunyamaza. Siku moja aliletewa mtoto anayeumwa tumbo, akampima kwa ile mashine ndogo ya mawimbi ya sauti, isiyo na mionzi yoyote, akauona ugonjwa, akamtibu, mtoto akapona. Akashtakiwa kwa kumnyima mgonjwa nuru. Alipewa onyo, na kule kupona kwa mtoto kukaandikwa kuwa ni jambo la kuongeza uzito wa kosa.

Kisangure aliyaona hayo yote. Kila zamu ya mtaa wao ilipofika, Siwema alikuwa ama ana homa, ama yuko kwa shangazi yake, ama shangazi ndiye ana homa. Zulekha akamuuliza mumewe anamficha mtoto na nini. Kisangure, ambaye hakuwahi kumwongopea mkewe kwa zaidi ya juma moja, akamweleza habari ya lile neno.

Zulekha alisimamisha cherehani, mguu juu ya pedali. Kisha akasema, "Kama umekosea, sahihisha."

"Nitasahihisha."

"Watoto wa wenzio wanaingia mle kila siku, baba Siwema. Wako umemficha kwa shangazi."

Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu, na Kisangure alikuwa amekwisha kujua kwamba ni mkuki. Alijiona mtu mbaya, akajihurumia kwa kujiona hivyo, na ile huruma ikamtosha mpaka mwezi ukaandama mwingine.

*

Siwema alianguka kutoka kwenye mpera siku ya Jumapili. Alikuwa na miaka sita. Alipiga kichwa kwenye jiwe la kufulia, akatapika, kisha akaanza kusinzia wakati usio wa kusinzia. Wazazi wakamkimbiza hospitali, na kwa bahati wakamkuta Dakta Bishanga.

Dakta alimtazama macho, akamwita jina, akamfinya kidole. Akasema mtoto huyu anahitaji picha ya kichwa, na anaihitaji sasa hivi. Kisangure akamkumbatia mtoto asimwachie. Dakta, mtu pekee katika nchi aliyekuwa ameyasoma yale maelekezo yake yote marefu, akamwambia, "Bwana Kisangure, kisu cha daktari kinakata, lakini palipo na jipu tunakitumia. Mashine hii iliundwa kwa ajili ya siku kama ya leo. Picha moja tu."

Picha moja ilipigwa. Ilionyesha damu kidogo imevuja chini ya fuvu, na kwa sababu ilionekana mapema Siwema alitibiwa vizuri, na baada ya siku chache alikuwa amekaa kitandani anadai maandazi. Picha ile ilikuwa ya haki, na yeyote anayesimulia hadithi hii akaficha jambo hilo ni mwongo kama Waziri.

Balaa lilikuwa kwamba mtoto sasa alikuwa ameanza dozi. Mpiga picha, Bwana Mshamu, mtu mnene mwenye bashasha, alimwambia Zulekha hongera, bado kumi na moja. Zulekha alikuwa amemwangalia wakati wa kazi. Alikuwa amemwona akimlaza mtoto, akimfunga mkanda, halafu akitoka mbio na kujibanza nyuma ya ukuta mnene kabla ya kubonyeza.

"Kama ni nuru njema," alimuuliza, "mbona wewe unaikimbia?"

Mshamu alishangaa kuulizwa jambo lililo wazi namna ile. "Mimi nimeshamaliza dozi yangu, mama. Aliyemaliza haongezewi."

*

Hapo ndipo Kisangure alipokwenda kwa Waziri. Alivaa suti aliyooea. Alieleza kwa heshima, akikaa ncha ya kiti, kwamba pana neno moja dogo kwenye bango, kosa lake mwenyewe, si la mtu mwingine. Mwisho lilikuwa na maana ya mpaka, ukomo, pale ambapo mtu asipite. Na ile kumi na mbili haikuwa idadi ya picha hata kidogo. Akaomba bango libadilishwe kimyakimya, bila mtu yeyote kuaibika.

Mheshimiwa Gunda Mafahari alimsikiliza mpaka mwisho, kwa maana ya zamani ya neno hilo. Hakukasirika. Alimmiminia chai kwa mkono wake.

"Kisangure, Serikali haikosei. Inayokosea ni lugha, na lugha tuna Baraza lake."

Akamweleza mpango. Watoto wengi wameshamaliza dozi, na kombe limeshatolewa, na mbuzi ameshaliwa. Maji yakimwagika hayazoleki. Ukibadilisha bango, utawaambia nini wale mama wenye kanga? Ukibadilisha kamusi, hakuna wa kuambiwa lolote. Kilichohitajika ni saini ya Mfasiri Mkuu, kwa kuwa watu wanamwamini. Naye Waziri, kama mzazi kwa mzazi, atahakikisha Siwema hadaiwi zile zilizobaki.

Kisangure aliuliza kama atapata ahadi hiyo kwa maandishi. Waziri akasema neno lake ni hati. Kisangure akamfikiria Siwema na mkanda ule kifuani, akatia saini.

Kamusi mpya ilitoka kabla ya mvua. Ndani yake imeandikwa: Mwisho, kiwango chema ambacho kila raia anatakiwa kukifikia, hasa mtoto. Maana ya zamani iliondolewa kwa kukosa uzalendo. Wananchi wakatii, maana ni watu wasikivu. Kwenye lifti walisubiriana mpaka watimie wanane, na mlango haukufungwa kwa watano. Barabarani palipoandikwa mwendo mwisho themanini, madereva wakaanza kukamatwa kwa kwenda sitini, na waliogongwa karibu na shule wakazikwa wengi. Mazikoni nako, mzee mmoja alipotikisa kichwa na kusema huu ndio mwisho wa binadamu, vijana wakampigia makofi.

Zulekha aliinunua kamusi hiyo sokoni, akaifungua kwenye ukurasa wa kwanza, akaliona jina la mumewe. Siku hiyo alishona mpaka sindano ikavunjika.

*

Ahadi ya Waziri ilidumu mpaka ilipomletea usumbufu. Maadhimisho ya Siku ya Dozi yalikuwa yanakaribia, na kamati ikataka mtoto wa mfano atakayemaliza dozi hadharani. Mtu akasema binti wa Mfasiri Mkuu amebakiza kumi na moja, na itapendeza sana azimalize zote kwa mkupuo. Kisangure alikimbilia kwa Waziri kumkumbusha. Waziri akamjibu kwa masikitiko kwamba jambo hilo lilimkosesha usingizi, lakini hakuna jinsi, kwa sababu Siwema akisamehewa, watu watauliza amesamehewa nini.

Zulekha alitaka watoroke usiku ule ule. Walifika kituo cha mabasi wakiwa na mtoto na mkoba mmoja, wakakuta kamati ya mapokezi imekwisha kufika, na maua, na gari la kumpeleka mtoto wa mfano kwa heshima zote.

Uwanja wa hospitali ulijaa. Jicho la Taifa lilitazamana na umati kupitia ukuta uliobomolewa ili watu waone vizuri, jambo ambalo Bwana Mshamu peke yake alilinung'unikia, kwani ule ulikuwa ukuta wake. Siwema alivalishwa gauni jeupe na taji la karatasi. Alikuwa na furaha. Alipunga mkono kila alipopungiwa.

Kisangure aliitwa jukwaani asome maana ya mwisho kutoka kwenye kamusi. Alishika kipaza sauti. Alimwona Zulekha mbele, kashikwa mikono na wanawake wawili wenye kanga za dozi, wanaomkumbatia kwa nguvu na kumpigia vigelegele masikioni. Na yule mwoga, ambaye maisha yake yote hakuwahi kuinua sauti hata kwa kuku, akaona haya ya miaka yote ikimpanda, akaifunga kamusi.

"Huu ni mwisho!" alisema, na sauti ikamtoka nzima. "Jamani, ni mwisho! Nilimaanisha mwisho!"

Uwanja ukalipuka kwa shangwe. Watu walisimama, wengine walitoa machozi. Kisangure akapaza zaidi, akasema watoto wetu wanapelekwa mwisho, akasema wamepita mwisho, akasema mimi ndiye niliyewapeleka. Kila aliposema, makofi yaliongezeka, na bendi ikaanza kumpigia. Alitafuta neno lingine. Akasema mpaka, na mtu akapokea kwa wimbo, mpaka dozi iishe. Akasema ukomo, na wengi hawakulijua, wakadhani ni jina la kijiji. Lile neno moja ambalo kila mtu angelielewa, alikuwa ameliuza kwa saini yake mwenyewe.

Waziri alimkumbatia, akampokonya kipaza sauti kwa upole. Kitanda kikaingia kwenye tundu. Kikatoka. Kikaingia tena. Umati ulihesabu kwa pamoja, na Siwema, aliyekuwa ndiyo kwanza amejifunza kuhesabu shuleni, alihesabu nao kutoka ndani.

*

Hakuna kilichotokea siku ile, wala mwaka ule. Hilo ndilo jambo lililowafanya wenye akili kuendelea kuonekana wajinga. Siwema alikua, aling'oka meno, akaota mengine, akawa mtundu. Zulekha alianza kuzungumza tena na mumewe, kwanza habari za chumvi, kisha za kodi ya maji.

Alipofika miaka tisa alianza kuchoka. Kisha yakaja mabaka ya bluu miguuni ambayo hakugongwa popote, kisha homa isiyosikia dawa. Hawakumpeleka hospitali kuu, maana kule kila anayeingia hufunguliwa dozi ya mwaka huo. Walimpeleka zahanati ya nje ya mji, ambako Dakta Bishanga alikuwa amehamishiwa kuhesabu vyandarua. Dakta alitoa damu, akaipeleka mwenyewe kwa rafiki yake mwenye hadubini nzuri, akarudi baada ya siku mbili, akakaa chini kabla ya kusema. Ulikuwa ugonjwa wa damu, wa ile aina mbaya.

Kisangure aliuliza kama ni zile picha. Alitaka aambiwe ndiyo, ili aadhibiwe, na alitaka aambiwe hapana.

"Hakuna anayeweza kukuambia," Dakta Bishanga alisema. "Ugonjwa huu huwajia hata watoto ambao hawakupigwa picha hata moja. Dunia ina njia zake. Ninachojua ni kwamba sisi tulimfungulia njia nyingine, bila sababu, huku tukiimba."

Wakarudi nyumbani na dawa zilizokuwapo. Siwema alilazwa sebuleni, karibu na cherehani, apate kuona watu. Hakutaka kukosa masomo, basi mwalimu alimtumia kazi ya nyumbani kupitia kwa jirani. Jioni moja alikuwa na maneno ya kutungia sentensi, na kando yake ile kamusi ya shule, yenye jina la baba yake ukurasa wa kwanza, jambo alilojivunia kwa wenzake. Alifika kwenye neno moja akasita.

"Baba, mwisho ni nini hasa?"

Kisangure alimtazama mkewe. Zulekha hakuinua macho kwenye kitambaa. "Muulize baba yako," alisema, "yeye ndiye aliyeandika."

Kisangure akakaa ukingoni mwa kitanda. Akamvutia mtoto shuka mabegani, akasema, "Ni pale tunapotakiwa kufika, mama."

Siwema akainama, akaandika polepole, ulimi nje, akipumzika kila baada ya neno. Alipomaliza akamwonyesha. Alikuwa ameandika, Mimi na baba tunakwenda mwisho. Akauliza kama ni mbali.

Baba yake akamwambia aandike kwa mwandiko mzuri, maana kesho mwalimu atasahihisha.